Maneno Aliyoyakata Alphonse

Maktaba ya Hallunda ilikuwa imejaa Jumamosi ile. Watoto walikimbizana kati ya rafu, watu walipanga foleni kwenye mashine ya kuchapa, na Victoire, gauni lake la kitenge likichungulia chini ya koti zito, alikuwa akiitukana kwa Kifaransa kompyuta iliyoandikwa Kiswidi.

"Pole, dada. Imekukosea nini?" akauliza mwanaume wa kiti cha jirani, mrefu, amevaa sweta ya kijani.

"Natafuta mabano. Siyo haya ya kawaida. Yenye ukuta mara mbili."

Akamweleza. Marehemu baba yake, Alphonse, aliwaandikia ndugu zake barua nyingi kutoka kambi ya wakimbizi, na yeye alikuwa akizikusanya ziwe kijitabu cha kumpa mama yake siku atakapotimiza miaka sitini. Baba alikuwa na tabia ya kukatakata kwa mstari maneno aliyoandika. Mwalimu mmoja alimwambia Victoire kwamba neno lililokatwa, kama bado linasomeka, huwekwa ndani ya mabano mapacha, ili msomaji ajue mwandishi mwenyewe alilikataa.

"Fungua Infoga, yaani ‘ingiza’, kisha Symbol," yule mwanaume akasema. "Hapo kwenye teckenkod, namba ya alama, andika 27E6. La kufungia ni 27E7."

Yakatokea: ⟦ ⟧. Victoire akapiga makofi hadi mtunza maktaba akageuka.

"Unaitwa nani, mwokozi wangu?"

"Kipchumba. Natengeneza programu za kompyuta, naishi Husby. Nilikuja kuchapa karatasi moja tu, sasa sijui nitaondokaje hapa."

Hakuondoka hadi maktaba ilipofungwa.

Tangu hapo simu ya Victoire ililia kila mapumziko ya mchana, kule alikofanya kazi ya kutunza wazee.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula sauti yako."

"Basi utakonda, chéri."

Kipchumba ndiye aliyempangia kurasa na kuzikagua moja moja. Siku ya mwisho akapiga simu: "Kwa mchapaji tuma ile PDF. Ukituma ya Word, herufi zao huenda hazina alama hiyo, itapotea." Victoire, simu ikiwa begani, alikuwa akimgeuza mzee kitandani. "Sawa, sawa," akajibu, bila kusikia.

Sherehe ilifanyika katika ukumbi wa kanisa. Mama yake, Josiane, alimetameta ndani ya gauni la bazin ya manjano. Vijitabu vikagawiwa, na Mama Prudence, rafiki yake wa tangu Uvira, akasimama asome kwa sauti.

"Ndugu yangu, huku mvua hainyeshi. Nimechoka na Josiane. Nimechoka na kambi."

Vijiko vikatulia kwenye sahani. Victoire alinyakua kijitabu. Mabano hayakuwapo. Yale maneno matatu yaliyomhusu mama, ambayo baba yake aliyakata, yalisimama wazi kama aliyoyakusudia. Mama Josiane alikuwa akilia, leso mdomoni.

"Ulisema umekagua!" Victoire akamgeukia Kipchumba.

"Nilikagua. Ulituma PDF?"

"Usinisingizie! Si baba yako, ndiyo maana hukujali!"

Watu wote walisikia. Kipchumba akaweka sahani mezani taratibu, akachukua koti lake, akatoka.

Asubuhi iliyofuata Victoire alifungua barua pepe aliyomtumia mchapaji. Faili ilikuwa ya Word. Alipiga simu mara tano, haikupokelewa. Mchana akapiga tena, ikawa imezimwa. Akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, pardon. Baba aliyakata yale maneno. Kosa ni langu."

"Najua aliyakata. Nilikuwapo." Mama Josiane aliendelea kuchambua majani ya sombe. "Tulikuwa tumegombania sabuni. Nikachungulia barua yake begani, nikacheka. Naye akacheka, akakata."

"Lakini ulilia."

"Nililia kwa sababu Prudence aliposoma, nilimsikia baba yako mwenyewe. Na yule kijana uliyemfokea mbele ya watu, yuko wapi?"

"Hapokei simu."

"Hana mlango?"

Njia nzima, treni ya laini nyekundu kisha ya bluu, alijiuliza. Je, kama hatafungua? Kama amekwisha kumkata?

Kipchumba alifungua, akabaki kizingitini, macho mekundu.

"Nilituma ya Word," Victoire akasema. "Uliniambia, sikusikiliza. Nikakuaibisha."

"Umeniambia sijali. Mimi baba yangu nilimzika kwa video, Victoire, kwenye simu, nikiwa nimesimama kituo cha treni cha Centralen. Zile barua nilizisoma kama zangu."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza."

Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Niambie leo. Nitakaa hadi umalize."

Kipchumba akasogea kando, naye akaingia. Chai ilichemka, ikapoa, ikapashwa tena, na Victoire alisikiliza habari za baba huyo, mzee mmoja wa Kapsabet, hadi akahisi anamfahamu.

"Jumapili njoo uzungumze na Mama," akasema hatimaye.

"Nizungumze nini?"

"Unajua."

Kipchumba akaweka kikombe chini. Victoire akajilaumu kwa haraka yake.

"Nije na mshenga yupi?" Kipchumba akauliza polepole.

"Si una mjomba kule Hässelby? Kama ana suti, aivae."

Kipchumba akachukua simu, akakosea namba mara mbili.

"Halo, mjomba? Jumapili uko kazini?"