Mtungi Nyuma ya Zizi

Kila jioni kazi ya Agripina ilikuwa moja: kujaza samadi na mabua ya mtama kwenye mtungi wa zamani uliovunjika mdomo, kuupeleka kwenye kichuguu mwisho wa shamba na kuufunika kifudifudi. Usiku mchwa waliingia kula. Asubuhi aliukung'uta mbele ya vifaranga, nao wakashiba. Nyumba nyingi za Sepuka hulea vifaranga hivyo, na hakuna mtoto aliyewahi kuvunjika mgongo kwa kazi hiyo.

Lakini Agripina alichoka. Shamba lilikuwa refu, naye alitaka kuwahi kucheza rede. Basi akaanza kuutega mtungi nyuma ya zizi la mbuzi, hapo hapo nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mchwa wako wapi?"

"Leo tena hawakuingia."

Mama yake, Severina, alishusha pumzi. "Wiki nzima hawaingii. Wamehama kijiji? Uliutega kwenye kichuguu?"

"Ndiyo, mama."

Vifaranga walikuwa wamesinyaa, mabawa yamelegea. Mmoja alikuwa amekufa usiku. Mama alimwokota kwa viganja viwili, na kumwona hivyo kulimchoma Agripina kuliko kiboko.

Angeweza kusema ukweli pale pale. Hakusema. Alikwenda nyuma ya zizi kuwamalizia hasira sungusungu, wale chungu wakubwa, maana hao ndio waliokuwa wakiupora mtungi kila alfajiri. Aliwakuta kwenye msururu, weusi, wamebeba mchwa midomoni. Akawachokonoa kwa kijiti.

Walioguswa walitoa harufu kali ya kuwaita wenzao, na kundi zima likageuka likitoa mlio mwembamba wa kukwaruza. Hata kuku mwenye njaa akisikia mlio huo hupita mbali. Kabla Agripina hajarudi nyuma, walishapanda miguuni, wakiuma na kumchoma kwa miiba ya mkiani. Mayowe yake yalimleta mama mbio. Alimpukuta sungusungu wote, kisha macho yake yakatua kwenye mtungi.

"Kumbe kichuguu kimehamia hapa," alisema.

Agripina akalia, safari hii si kwa maumivu. "Nilikudanganya, mama. Niliona uvivu kwenda mbali. Tuwamwagie maji ya moto hawa, wafe wote."

"Wafe kwa kosa la nani? Wanakula mchwa wanaokuja kutafuna nguzo za zizi. Baba yako alizichimbia kabla hujazaliwa, na bado zimesimama. Ukiwaua, utakesha wewe ukizilinda?"

Jioni ile Agripina alichechemea na mtungi wake hadi kwenye kichuguu, na hakuna aliyempokea mzigo. Asubuhi ulikuwa umejaa mchwa. Vifaranga waliwagombania mpaka wakamkanyaga mguu uliovimba.

Mama alisimama kando akiwatazama.

"Sungusungu walikuwa kazini," alisema, "na mchwa walikuwa kazini. Aliyekosekana ni wewe, na yule kifaranga amekufa kwa ajili hiyo. Siku nyingine ukichoka, niambie umechoka, nitakwenda mwenyewe. Lakini usiniletee uongo, mwanangu. Kuku hawali uongo."