Kufuli la Saba

Watu sita waliingia kazini, makufuli saba yakaning'inia.

Mkuu alihesabu mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa kidole. Saba. Sanduku la makufuli lilikuwa ukutani nje ya chumba cha umeme, chuma chekundu chenye matundu usoni, na sheria yake aliiandika yeye mwenyewe kwa kalamu nene: UKIINGIA, TUNDIKA KUFULI LAKO. KUFULI LA MTU HALIKATWI. Ndani ya sanduku ulikaa ufunguo wa swichi kubwa. Maadamu kufuli hata moja limebaki, sanduku halifunguki na umeme haurudi, na aliyejipenyeza nyuma ya kabati la umeme anashika shaba kwa mikono yake na kurudi salama kwa watoto wake. Hakuna ubishi hapo.

"Nani ametundika mawili?" aliuliza.

"Mimi nina mke mmoja na kufuli moja," alisema Mabomba, mkubwa wa mafundi wa mitambo ya ubaridi. "Na vyote viwili vinanishinda."

"Waulize hao watu wa maji, Mkuu," Sumaku, fundi wa umeme, akadakia. "Sisi wa nyaya tunajua kuhesabu."

"Mnajua kuhesabu fyuzi mlizounguza!"

Wakacheka. Mkuu hakucheka, na si kwa maringo. Kicheko kilimtoka mwaka mmoja uliopita, siku ileile mkono wake wa kulia ulipoingia ganzi kuanzia vidoleni hadi kwenye kifundo. Hospitali walipima, hawakuona kitu. Akiushika mkono wa birika la moto jikoni, ni harufu ndiyo humwambia kwamba anaungua.

Akaligeuza kufuli la saba. Ubavuni lilikuwa limechorwa kobe kwa ncha ya msumari.

Kobe alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Jina alipewa na wenzake kwa sababu ya mwendo: nati aliikaza, akaijaribu, akaikaza tena. Wakimtania, anawajibu kwamba kobe akiinama anatunga sheria. Alikuwa na tabia nyingine. Akimaliza kazi nyuma ya kabati, hubisha mlango wa chuma kwa mpini wa bisibisi mara tatu. Ko. Ko. Ko. Maana yake, nimetoka.

Mwaka jana, siku ya matengenezo kama hii, upande huu wa umeme ulikuwa umezimwa na upande wa pili umebeba jengo zima. Ule wa pili ukayumba, feni za ubaridi zikasimama. Joto la ukumbi wa seva likaanza kupanda: digrii ishirini na nne, thelathini na moja, thelathini na nane. Makufuli yote yalishatolewa, limebaki la Kobe, na Mkuu akajiambia kwamba Kobe amelisahau akaenda zake kunywa chai. Mkuu aliita kwenye redio, kimya. Akasikia ko. Akasikia ko. Akaona mbili zinatosha. Akachukua mkasi wa kukatia vyuma.

Ripoti aliiandika yeye: marehemu aliingia bila kutundika kufuli. Kufuli lililokatwa akalitia katika droo ya ofisini, chini ya vitabu. Tangu hapo kila fundi mpya huambiwa, usiwe kama Kobe. Na mama yake Kobe, anayeishi nyumbani kwa Mkuu kwa kuwa mume wa Mkuu ni dereva wa malori ya masafa marefu, amesikia majirani wakisema mwanawe aliuawa na uzembe wake. Hospitali walimpa mfuko: mkanda, saa, na kifunguo kidogo ambacho amekivaa shingoni kwa uzi. Kila asubuhi mezani huuliza, "Mkwe wangu, hiki ni cha wapi?" Na kila asubuhi Mkuu humjibu, "Sijui, Mama," huku akimmiminia chai.

Akaenda ofisini, akafungua droo, akainua vitabu. Palikuwa na alama ya kutu ya duara na hakuna kingine.

Aliporudi, watu hawakuwa wakitaniana tena. Sita walikuwa wamejipanga ukutani upande wa mbali, makufuli yao wameshayatoa.

"Kuna mtu ndani," Mabomba alinong'ona.

"Mko wote hapa."

"Ndiyo maana nakwambia."

Jengo lile halina madirisha, na saa nne asubuhi mle ndani haina rangi yake. Kabati la umeme lilikuwa limezimwa tangu alfajiri, chuma kitupu. Kutoka nyuma yake ikaja ko. Kisha ko. Wakangoja wote, na ya tatu haikuja. Ikaja harufu, kwanza ya plastiki iliyoungua, kisha ya mafuta ya nywele, yaleyale aliyojipaka Kobe mpaka wakamwambia yataunguza mashine, na harufu ikatambaa sakafuni ikapita katikati ya miguu yao bila haraka, kama mtu anayetafuta viatu vyake mlangoni.

"Leteni mkasi," Mkuu alisema.

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema leteni mkasi! Tukifika saa sita upande huu haujawaka, na ule mwingine ukiteleza kidogo tu, jengo zima linalala."

"Lilale," Sumaku alisema, sauti imepanda nusu na kuvunjika. "Mkuu, sheria ni yako. Kufuli la mtu halikatwi. Hata la marehemu."

Akaufuata mkasi mwenyewe. Akauweka mdomo wake kwenye shingo ya kufuli, nzima kana kwamba haijawahi kukatwa, akabana. Mkono wa kushoto ulibana. Wa kulia ulikuwa umeshika mpini na haukufanya chochote, vidole vimelala pale kama vya mtu mwingine. Akajaribu tena. Ko, kabati likasema. Ko.

"Ufunguo si alipewa mama yake?" Mabomba akauliza.

"Usimsumbue mama wa watu."

"Nimeshampigia."

Mama mkwe alifika baada ya saa nzima, amevalishwa kitambulisho cha wageni na vifuniko vya viatu vya plastiki anavyoviburuza. Akajikunyata kwa baridi. "Kumbe mwanangu alikuwa anafanya kazi ndani ya friji," alisema. Kisha akainua pua. Mama hasahau harufu ya kichwa cha mwanawe.

Mkuu alisimama kati yake na sanduku. Angeweza kumrudisha nyumbani. Angeweza kusema ni utani mbaya wa mafundi, na mafundi wangekaa kimya, maana wana watoto na kodi za nyumba. Aliyapima hayo yote kama anavyopima joto la maji bombani, namba moja na nyingine, bila kusikia kitu kifuani. Kisha akasogea pembeni.

Mama mkwe akaupapasa mchoro wa kobe kwa kidole gumba. Akavua uzi shingoni. Kifunguo kikaingia, kikageuka kwa ulaini, kama kilichopakwa mafuta jana.

"Ni lake," alisema. "Basi alifunga."

"Nani aliniambia hakufunga?"

Wanaume wakatazama viatu vyao.

"Mimi," Mkuu alisema.

"Na ulikuwa umeliona?"

"Nililiona, Mama. Nililikata." Aliyasema kama anayesoma mita ya umeme. Akangoja machozi, hayakuja.

"Mwaka mzima unanimiminia chai."

"Ndiyo, Mama."

"Nikikuuliza ni cha wapi."

"Ndiyo, Mama."

Yule mzee alimwangalia kwa muda, si kwa hasira hata, bali kama mtu anayeangalia chumba alichokwisha kuhamisha vitu vyake. Akalifunga tena kufuli mkononi mwake, akalitia mfukoni, akaondoka akiburuza vile vifuniko vya plastiki, na sauti yavyo ikapotelea koridoni.

Hakukuwa na ko tena. Harufu ilinyanyuka. Sumaku alivuta pumzi mara mbili tatu, akasema, "Ametoka. Ameondoka naye." Wakafungua sanduku, wakarudisha swichi, taa za kijani zikashika mstari mmoja baada ya mwingine. Mkuu akaandika ripoti mpya ya mistari minne, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, akaiacha juu ya meza ya mkurugenzi pamoja na redio yake. Hapo angalau alitenda haki, na nasema hivyo bila kumpamba, kwa sababu haki iliyochelewa mwaka mzima haina pambo.

Saa tisa alasiri alikuwa nyumbani. Kandambili za mama mkwe hazikuwepo mlangoni. Jikoni kikombe kimoja kimeoshwa na kufudikizwa. Mwisho wa ukumbi, mlango wa chumba cha mzee ulikuwa umefungwa, na kwenye komeo la nje, ambalo halijawahi kutumika tangu nyumba ijengwe, lilining'inia kufuli la Kobe.

Akampigia wifi yake.

"Mama yuko kwangu," wifi akajibu. "Vitu vyake vyote viko kwangu. Ufunguo anao yeye. Chumba chenyewe kitupu, usikiguse. Na usitupigie tena."

Simu ikakatika. Mkuu akabaki amesimama pale ukumbini, jua la alasiri limelala sakafuni, mtoto wa jirani anapiga mpira ukutani huko nje, kila kitu mahali pake. Na chini ya mlango ikaanza kupenya harufu ya mafuta ya nywele, polepole, ikamfikia miguuni, ikapanda, naye hakurudi nyuma kwa sababu hakusikia haja ya kurudi nyuma, mpaka kutoka ndani ya chumba kile kitupu, mpini wa kitu ukagonga mbao.

Ko.

Mpira wa mtoto ukanyamaza.

Ko.

Akangoja. Safari hii alingoja, jinsi ambavyo angengoja siku ile, jinsi ambavyo mtu yeyote mwenye akili angengoja.

Ko.

Mara tatu. Nimetoka.

Mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe, ukalishika lile kufuli, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima vidole vikasikia. Lilikuwa la moto, moto wa shaba iliyopitisha umeme sasa hivi. Alipiga kelele, akautazama mkono ukivimba, akakumbuka mkasi aliotoka nao kazini, ulioko kwenye buti la gari. Hakuufuata. Kufuli la mtu halikatwi.

Juu ya yule kobe aliyechorwa kwenye kufuli, kitasa cha mlango kikaanza kuteremka, taratibu, kwa mkono wa mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kuwa na haraka.