Mashine Iliyoingia Bila Kupimwa

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mama wa watoto watatu, mzaliwa wa hapa hapa estate ya Kaloleni. Nyumba ninayoishi niliachiwa na marehemu mama yangu. Naandika haya nikiwa jikoni, na nimeupa mgongo mlango wa stoo kwa sababu sitaki kukiona kilichomo ndani... Nivumilieni, mtajua ni kwa nini.

Katika dunia hii nilikuwa na watu wawili wa kutegemea. Wa kwanza ni mume wangu, Baba Nasra, mwenye duka la mapazia kule Eastleigh. Wa pili ni shoga yangu Zuhura, niliyeanza naye madrasa tukiwa bado na mapengo ya meno ya utoto. Zuhura aliolewa mbali, akaachika, akarudi kwa wazazi wake upande ule wa karibu na ukumbi wa estate. Wazazi walipofariki akabaki peke yake katika nyumba yao. Nilimhurumia mno! Nikipika pilau, sahani ya kwanza ilikuwa yake, hata kabla ya watoto wangu.

Kila Jumamosi alikuja kufua kwangu, maana mfereji wa upande wao ulikuwa mkavu siku nyingi. Tulifua, tukacheka, tukasengenya kidogo, Mungu atusamehe. Kazi niliyoipenda zaidi ilikuwa ya mablanketi. Aliyewahi kufua blanketi zito kwa mikono anajua kwamba mtu mmoja hawezi kulikamua. Mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, kila mtu anazungusha upande wake mpaka maji yote yatoke. Mwenzako akiliachia ghafla, blanketi linaingia kwenye tope na kazi inaanza upya.

Zuhura alikuwa na tabia moja iliyonichekesha. Baba Nasra akiniletea dera jipya, juma haliishi kabla Zuhura hajavaa dera la kitambaa kile kile. Nikinunuliwa chupa ya chai, naye anayo! Nilimtania, nikamwambia kazi yake ni kuniiga tu. Yeye aliinamisha macho, akaendelea kusugua kola za mashati.

Mume wangu naye alilala nyumbani usiku mmoja, na usiku wa pili dukani. Alisema mzigo wa kutoka Mombasa hufika usiku na lazima aupokee mwenyewe. Zamu hiyo haikupinda hata mara moja. Na mimi, masikini, nilijisifu mbele za watu kwamba nina mume mchapakazi!

Kisha mgongo ukaanza kuniuma. Ikafika mahali nikiinama kwenye beseni siinuki bila kushikwa mkono na Nasra, binti yangu mkubwa. Daktari akanikataza kufua kabisa. Baba Nasra aliposikia aliniambia nimefua vya kutosha, ataninunulia mashine. Nililia kwa furaha, wasomaji. Marehemu mama alifulia watu nguo maisha yake yote mpaka vidole vikapinda, na leo mimi mwanawe nabonyeza kitufe!

Tatizo lilikuwa nafasi. Mahali pekee pa kuiweka ni kile kistoo cha nyuma ya jikoni, chembamba mno, ukigeuka unagusa kuta zote mbili. Tena ndani yake palikuwa na karo la simiti alilojengewa mama. Katika karo lile mama alituogesha sisi sote, na mimi nikawaogesha wanangu watatu humo humo. Nikamwambia mume wangu kwamba mashine haitaingia.

Akasema itaingia. Karo lazima livunjwe, fremu ya mlango itolewe kisha irudishwe, na mashine ikishakaa itabaki nafasi ya kupitisha kiganja tu kati yake na ukuta. Aliyasema hayo yote akiwa amekaa sebuleni anakunywa kahawa. Nikamwuliza amejuaje mpaka nafasi ya kiganja, na hajapima? Akacheka, akasema nyumba hizi zilijengwa na kaunsil ya jiji kwa ramani moja, ukiijua moja umezijua zote. Jibu lile likanitosha... Je, wewe unayesoma lingekutosha?

Siku ikafika. Mashine ililetwa kwa mkokoteni, imefungwa kwa kamba kama kitanda cha bibi harusi, na majirani wakatoka nje kutazama. Fundi wa mabomba alikuwa mtu wa makamo mwenye mizaha, jina lake Kamau. Alipoanza kulipiga karo nyundo nilishindwa kusimama pale. Nilitoka nikakaa uani, na kila pigo lilinichoma. Nilijituliza kwa kusema moyoni kwamba mama angefurahi.

Kamau alitoboa ukuta ili bomba la maji machafu litoke hadi kwenye mtaro. Akapandisha pipa juu ya vyuma ili siku ambazo mfereji umekauka mashine ipate maji. Aling'oa fremu, yeye na mwenye mkokoteni wakaiingiza mashine, akairudisha fremu akaikandika simiti. Futi ya kupimia hakuigusa hata mara moja. Nilipochungulia, kati ya mashine na ukuta ilibaki nafasi ya kiganja.

Nikamwandalia chai na mahamri. Alikuwa amefurahi, mtu na kazi yake.

"Mathe, yako imeingia poa sana," aliniambia. "Ile ya kwanza ndiyo ilitutoa jasho. Hatukuwa tumejua lazima fremu itoke."

"Ya kwanza ipi, fundi?"

"Si ile ya kule karibu na ukumbi, kwa yule mama mwingine wa Mzee? Mashine ni hii hii, hata rangi. Mzee aliniambia nikiweka kule lazima niweke na huku, ati yeye habagui nyumba zake."

Alipouona uso wangu akaweka kikombe chini. "Kwani... ulikuwa hujui? Aki pole, mathe." Akakusanya vyuma vyake akaondoka bila kumaliza chai.

Wapenzi wasomaji, kutoka kwangu mpaka kwa Zuhura si mbali, lakini siku ile niliona kama naenda Mombasa kwa miguu. Njiani kila kitu kilinirudia. Madera... chupa ya chai... usiku mmoja kwangu, usiku mmoja "dukani". Mwanamume wa dini yetu akiwa na wake wawili ameamrishwa kugawa sawa. Kumbe Zuhura hakuwa akiniiga! Ule ulikuwa mgao, na mimi nilikuwa nikipokea nusu yangu nikidhani ni kitu kizima.

Zuhura alifungua mlango akiwa amevaa dera kama lile nililolivaa mimi. Tukatazamana. Nilipita moja kwa moja mpaka stoo, maana njia naijua, nyumba zetu ni ramani moja. Mashine ilikuwa pale pale ilipo yangu, na nafasi ya kiganja ukutani. Juu yake palikuwa na kofia ya Baba Nasra, ile niliyoishona kwa mkono wangu mwezi wa Ramadhani.

Alipiga magoti akashika miguu yangu. Akasema kwamba ndoa ilifungwa Eastleigh mwaka juzi, kimyakimya. Akasema kila Jumamosi alikuja akiwa amekusudia kuniambia, lakini akiniona nacheka ulimi unakuwa mzito.

"Mama Nasra, shoga yangu, nipige," alisema. "Nipige tu kuliko kuninyamazia."

Sikumpiga wala sikumtukana. Nilirudi nyumbani nikaketi kizingitini, na hapo ndipo machozi yalipotoka. Jirani yangu Mama Wanjiru alikuja mbio akidhani nimefiwa. Nilipomweleza alishika mdomo. Akasema, "Mama Nasra, sisi wote tulidhani unajua! Mnavaa sare, mnafua pamoja, mnakamua blanketi mkicheka. Mimi mwenyewe huwaambia wasichana wangu waone vile wake wenza wanaweza kupendana."

Haya basi! Estate nzima ilikuwa ikinisifu kwa uvumilivu ambao sikuwa nao. Kwa mwaka mzima na zaidi nilikuwa mke mkubwa, na mimi peke yangu ndiye sikuwa na habari. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe nilikuwa nikizifua kwa mikono yangu.

Baba Nasra aliporudi hakukana. Aliniuliza amenidhulumu nini. Chakula nilipata, mavazi nilipata, usiku wangu haukupunguzwa, na hata mashine nimeletewa sawa na mwenzangu. Alikuwa ameumia kweli, jamani! Alijiona mtu wa haki anayelaumiwa bure.

Nikamwambia, "Umegawa kila kitu, Baba Nasra. Ukweli tu ndio uliompa yeye peke yake."

Wazee wa pande zote mbili waliitwa, wakala, wakazungumza. Wakasema mwanamume hakuvunja sheria, na mimi nijifunge kibwebwe nivumilie. Labda sheria hakuvunja. Lakini nilikuwa na mume na nilikuwa na shoga, na kwa kikombe kimoja cha chai niliwakosa wote wawili. Ningemlilia nani, kama niliyezoea kumlilia ndiye huyo huyo?

Nilimtaka mume wangu aiondoe mashine. Kumbe haitoki! Fremu ilishakandikwa, na bila kubomoa tena haiwezi kupita mlangoni. Kamau akipigiwa simu anasema ana kazi nyingi, nadhani ni aibu. Basi imebaki humo, nimeifunika kwa leso kuukuu ya mama, na karo lake halipo tena. Usiku wa zamu yangu, Baba Nasra analala sebuleni. Talaka sijaomba. Nikiamka asubuhi nasema leo nitaomba, na jioni inafika watoto wanataka chakula.

Na mimi nimerudi kwenye beseni, mgongo wangu na maumivu yake. Mtaniita mjinga, lakini sitaki kutia nguo zangu ndani ya kitu kile.

Jumamosi iliyopita nilifua blanketi la Nasra. Nasra hakuwepo. Nilifunga ncha moja kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia, nikashika nyingine, nikajaribu kuzungusha. Mgongo ulinipasuka, nikasimama nikihema. Nilipoinua macho, Zuhura alikuwa amekwisha kuifungua ile ncha na kuishika. Alianza kuzungusha upande wake, kama zamani, na mikono yangu ikazungusha yenyewe upande wangu. Maji yakatoka. Nilimtazama usoni... alikuwa amekonda, shoga yangu, na alikuwa analia.

Nikaliachia.

Blanketi lilianguka kwenye tope kati yetu. Zuhura aliliangalia, akaliokota, akaliweka kwenye beseni polepole, kisha akaenda zake. Sijui kama nilifanya vizuri. Nililia kuliko siku ile ya kwanza.

Dada zangu mnaosoma, nawasihi, msiogope kuuliza. Mume akijua vipimo vya stoo yako bila kupima, mwulize alikopimia. Kuuliza si ujinga, na jibu la kwanza lisikutoshe kwa sababu tu linakufurahisha. Na nyinyi kaka zangu, mkitaka kuoa, oeni, lakini mwambieni aliye nyumbani asikie kutoka kinywani mwenu. Mke aliyeambiwa atalia, pengine ataondoka, lakini hatafanywa mtu wa kuonewa huruma na fundi wa mabomba. Na wewe shoga wa mtu, kama kuna neno la kumwambia mwenzako, mwambie leo, ukiwa bado umeshika ncha yako.

Blanketi lile nililifua tena peke yangu, nikalianika likiwa linachuruzika. Mpaka leo halijakauka.