Huu Si Mchango

Kila Jumamosi asubuhi Zubeda humsaidia mama yake kupika vitumbua nje ya nyumba yao, Chanika. Mama humimina unga, Zubeda hugeuza, na kile kinachoungua huishia tumboni mwake. Jumamosi hiyo mama, mjamzito wa miezi saba, aliweka upawa chini akashika kiuno.

"Mchango huo, msokoto wa tumbo tu wa kike," alisema Bibi Mwanakombo, mama yake baba, akateleka mizizi ya dawa papo hapo. "Na wewe Zubeda, usiende kutangaza. Mambo ya mimba hayasemwi nje, watu wana macho."

Zubeda aliendelea kugeuza vitumbua, lakini akili yote ilikuwa kwa mama. Maumivu yalikuja, yakapoa, yakarudi. Akamgusa tumbo, lilikuwa limekaza kama ubao. Akakumbuka siku alipomsindikiza mama kliniki, muuguzi alivyowaonya wajawazito: tumbo likibana na kuachia kabla miezi haijatimia, wasisubiri nyumbani.

"Bibi, tumpeleke hospitali," alisihi.

"Mie nimezaa watoto saba, leo unifundishe wewe?"

Zubeda alimwogopa bibi yake, ila alimhofia mtoto zaidi. Akatoka mbio hadi kwa jirani mwenye bajaji.

"Shikamoo mjomba Alfonsi. Mama anaumwa tumbo, na mimba haijatimia!"

"Marahaba. Ngoja niwashe."

Bibi alipoiona bajaji alifura. "Ushatuanika!"

"Mama, acha tu twende," mama alimwambia Bibi kwa unyonge. "Yanazidi."

Hospitalini daktari aliuliza kama mgonjwa amekunywa dawa yoyote.

"Bado," Bibi alijibu akitazama chini. "Mizizi ilikuwa ndiyo inachemka."

"Afadhali. Huu si mchango, ni uchungu uliowahi. Mizizi mingine huuzidisha."

Mama alilazwa. Alipewa dawa ya kutuliza uchungu na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Uchungu ukatulia, na Khalfani akazaliwa miezi ilipotimia, mnene, mwenye kelele nyumba nzima.

Siku ya arobaini, wageni walipojaa ukumbini, Bibi alimpakata mtoto, machozi yakimlengalenga.

"Niliogopa macho ya watu, nusura nimpoteze huyu," alisema. "Wanangu, tumbo likibana kabla ya wakati, msifiche wala msingoje mizizi. Semeni, mwende hospitali. Mjukuu wangu kanikaidi, na nashukuru kanikaidi. Zubeda, njoo umpokee mdogo wako."