Kipande Namba Kumi na Saba

Tambwe Soudi alikutwa chali sebuleni kwake, kichogo kimepasuka kwenye kona ya sanduku la chuma. Ilikuwa Jumanne, saa sita mchana. Mpwa wake Falone, aliyekuwa akiishi naye, ndiye aliyerudi sokoni na kapu la samaki akapiga ukelele.

Inspekta Safia alifika kwa pikipiki na kukuta majirani wameziba mlango. Jamani, watu wa Kindu! Maiti haijapoa, wao wameshamjua muuaji.

"Njo yeye Kakule, ule mufanyabiashara wa Butembo!" mmoja alipaza sauti. "Ametoka humu asubuhi!"

Safia aliwafukuza, akaingia. Juu ya meza palikuwa na gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono, kifuniko wazi, sindano imewekwa. Kando yake zilipangwa santuri za zamani, zile nzito zinazovunjika kama sahani ya udongo. Akazihesabu. Thelathini na tisa, kila moja ndani ya bahasha yake, na bahasha moja tupu. Ndani ya ile bahasha kulikuwa na kipande cha tikiti ya mizigo ya reli, kimeraruliwa upande mmoja, namba 17.

Akakitia kwenye mfuko wa vielelezo.

Jioni Kakule alikuwa ameketi mbele yake kituoni, shati limelowa jasho.

"Ulifika kwa marehemu saa ngapi?"

"Saa nne."

"Kufanya nini?"

"Kuhesabu santuri. Jana tulizisikiliza barazani, tukapatana. Leo nikahesabu arobaini, nikaenda kutafuta maboksi."

"Mlikosana?"

"Tukosane kwa nini, Mama Inspekta? Aliniuzia zote, pamoja na mashine. Mteja wangu wa Goma anazitaka zote."

"Pembeni mwa kila bahasha pamekwaruzwa. Palikuwa na nini?"

Kakule aliinamisha kichwa. "Palikuwa na namba. Niliona. Sikuuliza."

Safia alimrudisha mahabusu, lakini roho haikutulia. Mtu aliyekwisha kununua santuri arobaini anaua ili aibe moja? Upuuzi mtupu.

Jumatano daktari alileta taarifa. Fuvu limevunjika kwa kuanguka. Kifuani alama moja tu, ya kusukumwa. Hakuna kipigo kingine.

Safia akamwita Falone.

"Mjomba wako alifanya kazi gani?"

"Karani wa mizigo, kwenye stesheni."

"Santuri alizipata wapi?"

"Za zamani tu."

"Falone! Nitazame."

Msichana akaanza kulia. "Ni za watu, Mama Inspekta. Wakati wa vita, mwaka 2002, majirani walikimbilia porini. Yeye alibaki. Wakamwachia vitu vyao awatunzie, naye akawapa tikiti kama za stesheni. Ukirudi unarudisha kipande chako, unapewa kitu chako."

"Na waliporudi?"

"Aliwaambia askari waliiba vyote. Mimi nilikuwa mutoto. Nimevijua juzi tu, alipofungua sanduku."

Safia alishikwa na hasira juu ya marehemu, na haikuwa kazi yake kumkasirikia marehemu. Sasa alielewa kile kipande. Aliyechukua santuri hakuona kwamba anaiba. Alifuata utaratibu: amechukua kitu chake, ameacha tikiti. Ni mtu wa mtaa ule tu ambaye angefanya hivyo, tena mtu mwaminifu.

Lakini namba kumi na saba alikuwa nani?

Alhamisi asubuhi duka la Kakule lilipigwa mawe. Vijana walikuwa wakizunguka na madumu wakitafuta petroli, na mkuu wa kituo akagonga meza.

"Safia, mupeleke huyu Kakule kwa mwendesha mashtaka. Leo!"

"Nipe mpaka saa tisa, mkuu. Si yeye."

Alikimbilia nyuma ya stesheni, kwa Mama Albertine, mjane aliyekuwa jirani wa Tambwe tangu zamani.

"Mama, ulimwachia Tambwe kitu mwaka ule?"

Bibi alitoa kipande cha tikiti ndani ya Biblia yake. Namba 16.

"Redio, na santuri nne za marehemu bwana yangu. Askari walichukua. Kipande nimekitunza tu, sijui kwa nini."

Safia hakuwa na moyo wa kumwambia.

"Siku ile mlipanga mstari?"

"Kwa Tambwe? Ee! Risasi zinalia, yeye anasema: mmoja mmoja."

"Nyuma yako alikuwa nani?"

Mama Albertine alikirudisha kipande ndani ya Biblia, akaifunga.

"Mama, tafadhali. Wanataka kumchoma Kakule, na hana kosa."

"Yule ni muntu mwema, mwanangu."

"Jina."

"Okito. Louis Okito. Siku hizi iko Alunguli, ng'ambo ya mto."

Safia alivuka mto kwa mtumbwi na askari mmoja. Walimkuta Okito bustanini, mwanamume wa miaka sitini, akichuma sombe, majani ya muhogo. Alipoona sare alinyoosha mgongo, akanawa mikono kwenye ndoo.

"Papa Okito, namba kumi na saba ni yako?"

"Ndiyo, njo yangu."

Santuri ilikuwa kitandani, imefungwa kwenye kitenge. Ilikuwa na ufa kutoka ukingoni hadi karibu na katikati.

Kituoni alieleza bila kubembelezwa.

"Jumatatu nilivuka kuuza sombe. Nikapita kwa Tambwe. Barazani mashine inaimba. Mama Inspekta, nikamsikia mama yangu."

"Mama yako?"

"Alienda Léopoldville, Kinshasa ya leo, akiwa msichana, akaimba santuri moja, basi. Mwaka 2002 tulikimbia naye kuelekea Kailo. Alifia njiani kwa njaa. Nilimzika porini, na pale mahali sijapaona tena. Picha yake haipo. Alikuwa na sauti tu, na Tambwe aliniambia imeibwa na askari."

"Jumanne ukaenda."

"Na kipande changu. Nikamkuta anaisikiliza. Nikamwambia, Tambwe, nipe mama. Akacheka. Akasema, hiyo imekwisha kuuzwa. Nikaweka kipande kwenye bahasha, nikachukua. Akanivuta. Nikamsukuma." Alitazama viganja vyake. "Sikutaka afe."

"Kakule yuko ndani kwa ajili yako. Kwa nini hukuja?"

"Niliona haya. Nilijiambia, nikiisikia mara moja tu, nitavuka. Nikatafuta mashine Alunguli yote. Hakuna."

Safia aliagiza Kakule aachiwe na mkuu awatangazie vijana. Kisha akabaki akiitazama ile gramafoni, iliyokuwa kwenye meza ya vielelezo na karatasi ya namba shingoni. Sheria haikusema kitu juu ya kusikiliza kielelezo. Akazungusha mpini, akaweka santuri, akashusha sindano.

Mlio wa ufa ulibisha kila mzunguko. Katikati yake msichana aliimba, sauti nyembamba, bila woga. Okito alilia waziwazi, machozi yakimdondokea shatini, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Miaka ishirini na miwili," alisema wimbo ulipokwisha, "alikuwa ng'ambo ya mto tu. Ndani ya sanduku."

Akanyoosha mikono, na Safia akamfunga pingu.