Mama Etagegn Avuka Korongo

Mekuanint alikuwa fundi wa farasi. Huku kwetu Awi, katika milima ya Ethiopia, mtu hupewa sifa hiyo kwa kuifanyia kazi. Farasi mkorofi aliyewashinda wengine aliletwa kwake, naye alimrudisha baada ya mwezi akiwa mpole.

Kila asubuhi alikunywa kahawa, akala mkate wa injera uliobaki jana, kisha akatoka uani na kamba yake. Mkewe, Yitayish, alikwenda shambani kupalilia viazi. Mama yake Mekuanint, Etagegn, aliketi mlangoni akipepeta shayiri kwa kupapasa.

Mama Etagegn alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika macho yote mawili. Mwaka wa kwanza aliona ukungu. Mwaka wa pili aliona giza na mwanga tu.

Siku moja muuguzi wa kijiji alipita na habari.

"Mama, madaktari wa macho wanakuja mjini, ng'ambo ya korongo. Wiki nane kutoka leo. Watakaa siku tatu tu."

"Nitafikaje? Kwa mabawa?" Mama Etagegn aliuliza. "Magoti yangu hayafiki hata kisimani."

Alisema kweli. Njia ya korongo ni mawe matupu, na ni nyembamba. Farasi hawaiwezi. Mwaka uliopita farasi wa jirani aliogopa jiwe lililoporomoka, akakimbia, akaanguka chini.

"Nitanunua baghala," alisema Mekuanint.

Akamnunua. Baghala huyo, mtoto wa farasi jike na punda dume, aliitwa Dama. Alikuwa na umri wa miaka minne na nusu, mwekundu, masikio marefu.

"Wiki mbili zinatosha," Mekuanint alimwambia mkewe. "Farasi ni farasi, hata akiwa na masikio ya punda."

Alimfundisha Dama kama alivyofundisha farasi. Alimkimbiza kwa duara mpaka akachoka. Akamvisha hatamu kwa nguvu. Akamfunga tandiko la farasi, akampeleka kwenye njia ya korongo.

Penye mteremko wa kwanza, Dama alisimama.

Mekuanint alivuta kamba. Dama hakusogea. Akampiga fimbo. Dama alikuwa kama mlima. Akampiga tena, na tena. Hapo Dama aligeuka kidogo tu, akapiga teke moja. Teke lilimpata Mekuanint kwenye paja, palepale lilipokusudiwa.

Tangu siku hiyo Dama alipoona tandiko aligeuza makalio.

"Leo naye vipi?" aliuliza Mama Etagegn.

"Mjinga, mama. Mkaidi."

"Mjinga ni nani? Yeye anatembea vizuri. Anayechechemea ni wewe."

Yitayish alicheka. Lakini wiki mbili zilikuwa zimekwisha. Bila kumwambia mumewe, alikwenda kwa Zinash.

Zinash alikuwa jirani yao, mjane wa miaka thelathini na kitu. Alikuwa na baghala wanne, na kila wiki aliwapitisha korongoni wakibeba chumvi na nafaka. Alifika uani asubuhi, mikono kiunoni.

"Kaka Mekuanint, nasikia umepigwa na mwanafunzi wako."

"Nani amekuita?"

"Wasiwasi wa mkeo. Niondoke?"

Mekuanint alitazama chini. Alimkumbuka mama yake akipapasa shayiri. "Kaa, dada," alisema.

Zinash hakumwendea Dama. Alisimama kando, akamwacha Dama amsogelee na kumnusa. Kisha akapapasa mabega yake, taratibu.

"Njoo uone. Hiki ni nini?"

Nyuma ya bega palikuwa na kidonda kibichi.

"Tandiko lako ni la farasi," alisema Zinash. "Mgongo wa baghala umenyooka kama meza. Mkishuka mlima, tandiko linateleza mbele na kumkata. Lazima ufunge mkanda unaozunguka nyuma ya mapaja, ulizuie. Yeye alikwambia anaumia. Wewe ukampiga."

Mekuanint aliinama, akakitazama. Hakuna farasi aliyewahi kupata kidonda mikononi mwake.

"Lakini hata kabla ya tandiko alikataa hatamu."

"Uliyakunja masikio yake?"

"Kidogo."

"Usiyakunje. Fungua mkanda wa pembeni, umvishe bila kuyagusa. Sasa nisikilize. Farasi akiogopa anafanya nini?"

"Anakimbia."

"Ndiyo. Anakimbia kwanza, anafikiri baadaye. Baghala ana damu ya punda. Akiogopa anasimama, anafikiri kwanza. Ukimpiga wakati anafikiri, anapata jibu: hatari ni wewe. Na hasahau. Farasi anaweza kukusamehe kesho. Huyu itabidi umwombe."

"Nimwombe baghala?"

"Mwombe na shayiri mkononi."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku kumi hakuna tandiko. Yitayish aliosha kidonda kwa maji ya chumvi. Mekuanint aliingia uani kila asubuhi na shayiri kiganjani, akamkuna Dama shingo, akaondoka kabla Dama hajachoka naye.

"Leo umefanya nini, bingwa?" Mama Etagegn aliuliza.

"Nimeshika ukwato mmoja."

"Mmoja! Wiki ijayo utashika wa pili, tupige ngoma."

Mekuanint alivumilia. Kidonda kilipopona, Zinash alimwonyesha jinsi ya kufunga mkanda wa nyuma. Masomo yalikuwa mafupi. Dama akipiga hatua moja, kamba ililegezwa papo hapo. Akifanya jambo vizuri, somo liliishia hapo, hata kama jua lilikuwa bado kuchomoza sawasawa.

"Farasi nilimrudishia somo moja mara ishirini," Mekuanint alilalamika.

"Baghala akishajua, ukirudia sana anakuona wewe ndiye hujaelewa," alijibu Zinash.

Wiki ya sita walirudi kwenye ule mteremko. Dama alisimama palepale. Mkono wa Mekuanint ulipanda wenyewe. Akaushusha. Akalegeza kamba, akangoja. Dama aliinamisha kichwa, akanusa mawe, akasukuma moja kwa ukwato. Kisha akashuka, hatua kwa hatua, kama mtu anayeteremka ngazi za nyumbani kwake.

Mekuanint alipiga kelele za furaha mpaka korongo likaitikia.

Siku ya safari, Mama Etagegn alimpanda Dama akiwa amevaa shuka lake jeupe la kanisani. Chini ya korongo mto ulikuwa umejaa kidogo. Dama alisimama ukingoni. Nyuma yao wasafiri walianza kupiga kelele.

"Mchape! Unatuchelewesha!"

"Mbona tumesimama?" aliuliza mama.

"Anafikiri, mama."

"Basi mwache afikiri! Katika msafara huu nani mwingine anafikiri?"

Watu wakacheka. Dama alinusa maji, akasogea juu kidogo penye mawe mapana, akavuka. Wale waliopiga kelele walimfuata, wakipita palepale.

Madaktari walimpasua Mama Etagegn jicho la kulia. La kushoto lingefuata baadaye. Kesho yake waliondoa bandeji. Alimtazama mwanawe muda mrefu.

"Umezeeka," alisema. Kisha akalia.

Alikaa mjini siku tano, mpaka daktari wa hospitali ya mjini aliporuhusu safari. Asubuhi ya sita alitolewa nje, akamwona Dama kwa mara ya kwanza. Alimzunguka mzima, akamgusa pua.

"Wamenificha," alisema. "Hakuna aliyeniambia kuwa ni mzuri hivi."

Walishuka, wakavuka, wakapanda. Walipofika juu ya korongo, nyumba za kijiji zilionekana. Yitayish na Zinash walikuwa wamesimama njiani na wanawake wengine.

Mama Etagegn alinyoosha mkono.

"Mwanangu, nipe hatamu."

"Mama, niache nikuongoze mpaka nyumbani."

"Anayeongozwa ni asiyeona njia. Mimi naiona. Nipe."

Mekuanint akampa. Vigelegele vilianza kabla mama hajafika kwenye nyumba ya kwanza. Dama alisimamisha masikio yake marefu, akaenda mbele bila kuchapwa wala kuvutwa, na fundi wa farasi akamfuata nyuma kwa miguu, akicheka peke yake.