Simone Atazalia Wapi?

Kila asubuhi Jenny na dada yake Simone walikwenda kuteka maji kwenye pampu. Zamani maji yalifika katika kila nyumba ya kambi ya wafanyakazi wa kiwanda kule Panda. Lakini mwaka ule wa 1994, ukifungua bomba lilikohoa tu, likatema kutu.

Jenny alibeba ndoo zote mbili, na hakuona uzito. Simone alikuwa na mimba yake ya kwanza, na njia nzima Jenny aliongea na tumbo la dada yake.

"Weye wa mu tumbo, unasikia? Minye ni tantine yako, mama yako mudogo. Ukikuja na kichwa kubwa kama ya Papa, tutakurudisha!"

Simone alicheka, kisha akasimama na kushika ukuta. "Usinichekeshe, Jenny. Pumzi inaisha."

Alipokuwa mdogo, Simone aliumwa koo mara kwa mara, halafu magoti yakavimba. Hakutibiwa mapema. Baadaye daktari alisema kwamba mlango mmoja wa moyo wake umeharibika, haufungi vizuri. Kwa miaka mingi aliishi kama watu wengine. Sasa moyo ule ule ulikuwa unafanya kazi ya watu wawili. Jenny, ambaye alilala chumba kimoja naye kwa kuwa mume wa Simone alilala huko alikofanya kazi, aliona mambo ambayo wengine hawakuyaona: miguu iliyovimba jioni, na mito iliyopangwa nyuma ya mgongo ili Simone alale ameketi.

Pale kwenye pampu, Princesse, rafiki wa Jenny, alimtazama Simone, akamwuliza Jenny, "Yaya yako atazala wapi?"

"Mu hospitali ya kambi. Papa alisha kusema."

Ni kweli, Papa Athanase alikuwa ameshasema, na akisema jambo halikurudi nyuma. Watoto wake wote walizaliwa katika hospitali ile. Hakuchoka kuisifu: shuka nyeupe, madaktari wengi, supu ya moto iliyoletwa hadi kitandani.

"Hiyo ilikuwa zamani, Papa Simone," mama yao, Madeleine, alimwambia.

"Hospitali ni ile ile! Imehama?"

Siku ya kupimwa walikwenda watatu, Simone, Jenny na Papa, yeye mbele amevaa shati lake la Jumapili. Walipokewa na muuguzi mzee, Mukendi, aliyemfahamu Athanase tangu ujana wao. Wakapigana mabega, wakacheka. Kisha Mukendi akamgeukia Simone.

"Mwanangu, kuna ugonjwa wowote?"

Simone alimtazama baba yake. Alitaka kuzaa karibu na nyumbani, karibu na mama yake. Aliogopa kwamba akisema kweli atapelekwa mbali.

"Apana, Papa Mukendi. Niko bien, niko muzima."

Jenny alingoja. Alitumaini dada yake ataongeza neno. Simone akainuka tayari kuondoka.

"Papa Mukendi, analalaka ameketi," akasema kwa haraka. "Akilala chini anakosa pumzi. Na mlango wa moyo wake haufungi. Daktari alisema zamani."

"Jenny! Nani alikuuliza?" Papa akafoka.

"Mwache, Athanase. Mimi ndiye niliyeuliza."

Mukendi alichukua chombo cha kusikilizia moyo, akakiweka kifuani mwa Simone na kusikiliza kwa muda mrefu. Alipoinuka hakuwa akicheka tena.

"Moyo huu unafanya kelele. Siku ya kuzaa utachoka sana. Atahitaji oksijeni kando ya kitanda, na daktari anayejua mambo ya moyo. Na madaktari wetu, Athanase, unajua walivyoondoka."

"Daktari tutatafuta. Oksijeni si hii hapa?" Papa akaonyesha chupa kubwa ya chuma iliyosimama pembeni, imepakwa rangi, inang'aa.

Jenny aliitazama. Alikuwa ameona chupa za namna hiyo kiwandani, alipompelekea baba yake bukari, ugali wake wa mchana, kwa maana Papa alikuwa mchomeleaji wa vyuma.

"Papa, ile oksijeni yenu ya kuchomelea inatokaka wapi?"

"Mu kiwanda yetu wenyewe! Tuko na mashini kubwa ya kuitengeneza."

"Na hii ya hospitali?"

"Ni mashini ile ile, inatoaka ya..." Papa akakwama.

Mashine ile ilikuwa imesimama tangu masika. Ndiyo maana yeye na wenzake walishinda karakanani wakicheza dama, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuchomelea. Kila jioni alilalamika nyumbani juu ya jambo hilo. Haikumjia kamwe kwamba mashine ikinyamaza kiwandani, hospitali nayo inakosa pumzi.

Alisimama, akaenda pembeni na kufungua chupa. Akainamisha sikio. Hakikusikika chochote.

"Ni tupu," akasema kwa sauti ndogo.

"Ni tupu," Mukendi akakubali. "Hatuitoi kwa sababu watu wanafurahi wakiiona." Aliona aibu, akainamisha kichwa. Kisha akamshika rafiki yake bega. "Mpeleke Lubumbashi. Iko hospitali kule yenye oksijeni na daktari wa moyo. Na aende sasa, asingoje uchungu. Barabara haina huruma kwa mwenye uchungu."

Jioni Simone alilia. "Nizalie mbali na Mama?"

"Nani alikudanganya?" Mama Madeleine akamjibu. "Mama si nyumba. Mama iko na miguu! Nitakwenda na weye."

Basi Papa akakubali safari, na nyumba ikachangamka. Germain, mume wa Simone, alikuwa akivunja mawe kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe. Alirudi mweupe kwa vumbi, akapiga kelele kutoka barabarani: amepata lori la chokaa linalokwenda Lubumbashi, na dereva amekubali Simone akae mbele! Jenny naye aliruhusiwa kwenda kusaidia, kwa sababu walimu walikuwa wamegoma na shule imefungwa. Alikunja nguo zake, akazikunjua, akazikunja tena.

"Yaya yako anaogopa kuzaa hapa, kama wanawake wote?" Princesse akamchokoza walipokuwa wakipanda lori.

"Wanawake wote hawana mlango mubovu mu moyo!" Jenny akajibu kutoka juu ya magunia, na lori likaondoka.

Kule Lubumbashi, Daktari Kabedi alimpima Simone na kumpa dawa ya kupunguza maji mwilini. Akasema asiende mbali na hospitali mpaka azae. "Mmefanya vema kuja mapema," alisema. "Wengine wananiletea mgonjwa wakati pumzi imeshakatika."

Uchungu ulianza asubuhi moja ya jua kali. Papa alikuwa amefika kwa treni. Alikaa na Germain na Jenny kwenye benchi la nje, wala hakuna aliyeweza kutulia. Ndani, Mama Madeleine akiwa kando yake, Simone alianza kuhema kwa shida, kama Mukendi alivyosema. Lakini kila kitu kilikuwa tayari. Walimkalisha, wakamwekea oksijeni puani, na Daktari Kabedi akamvuta mtoto taratibu kwa chombo cha kuzalishia, ili mama asisukume muda mrefu.

Kisha kikasikika kilio, chembamba, cha hasira.

Jenny aliruka mpaka kandambili moja ikaingia chini ya benchi la jirani. Germain alimkumbatia Papa, kisha akamkumbatia mlinzi wa mlango asiyemfahamu.

"Ni msichana," Daktari akatangaza. "Mama anapumua vizuri. Lakini bado atabaki hapa siku kadhaa, kwa sababu hata baada ya kuzaa moyo huchoka. Na akitaka mimba nyingine, aje kwanza tuzungumze."

Waliporuhusiwa kuingia, Papa Athanase alisimama kando ya kitanda. Oksijeni ilikuwa ikipita katika kichupa cha maji, ikitoa mapovu. Akainamisha sikio, akayasikiliza mapovu yale.

"Jenny," akasema, "minye nilichagua hospitali ya kumbukumbu yangu. Simone alificha ugonjwa kwa sababu ya woga, na Mukendi aliacha chupa tupu ili tufurahi. Sote tulipendana, lakini mapenzi yale yangemzika mutu. Weye ulisema kweli, halafu ukauliza. Kumbuka hivyo mpaka uzeeke. Mahali pa kuzalia hapachaguliwi kwa sifa za jana. Unauliza: mama huyu akikosa pumzi hapa, leo, mutamupa nini?"

"Bukari na mboga," Simone akajibu kutoka kitandani, amefumba macho. "Pumzi niko nayo. Sasa minye niko na njaa."